Harley Nightster siku tatu: chuma kizuri, ila sijui wanamuuzia nani

Fulana ya Harley-Davidson, pikipiki za Kimarekani, niliivaa miaka mingi kabla sijaiona Harley yenyewe. Dada yangu alininunulia Memorial pale Moshi, kwenye mitumba, nyeusi, kifuani tai katanua mabawa na mgongoni imeandikwa Sturgis, South Dakota, na mtaani kwetu tulishakubaliana kabisa kwamba Sturgis ni mwanamuziki wa roki, kumbe ni mji wa tamasha kubwa la pikipiki. Niliivaa mpaka shingo ikalegea. Leo naishi Milwaukee, Wisconsin, mji uleule wa Harley, nikitoka zamu ya usiku napita karibu na jengo lao la matofali mekundu la Juneau Avenue, na bado nilikuwa sijawahi kukalia hata moja. Basi mwezi wa nane nikasema liwalo na liwe, nikakodi Nightster siku tatu, nikaenda nayo Sturgeon Bay na kurudi pamoja na mzee jirani yangu mwenye Harley yake kubwa, Heritage. Naandika kwa ajili ya nyie mnaoniuliza kila siku kama inamfaa mtu aliyekulia kwenye Boxer, bodaboda zetu.

Leseni kwanza, maana huku hupandi tu ukaondoka. Lazima uwe na daraja M, na mimi niliipata kwa kozi ya wikiendi kwenye uwanja wa kupaki magari, koni za rangi ya chungwa zimepangwa, mwalimu ananielekeza taratibu jinsi ya kuingiza gia ya kwanza, mimi niliyebeba mikungu mitatu ya ndizi na abiria juu yake toka Kibosho mpaka mjini. Nikanyamaza kimya. Alafu nikaangusha koni mbili. Shida ni breki, wakuu, sisi kule tumezoea ya nyuma tu, ya mbele tunaiogopa kama nyoka, na huku mtihani mzima wanataka uishike na ya mbele.

Haya, chuma chenyewe. Nightster ndo mlango wa kuingilia kwao, injini cc 975, silinda mbili za V, inapozwa na maji, nguvu za farasi 90, uzito kama kilo 220. Boxer 150 ina farasi kama 12. Sasa mtu wa farasi 12 anapewa farasi 90 saa moja asubuhi kwenye mlango wa kuingilia barabara kuu ya I-43, we fikiria tu. Nilikunja mkono kidogo nikahisi roho yangu imebaki pale kwenye taa, nikawa nasubiri inifikie. Lakini baada ya nusu saa nikagundua ni pikipiki mpole sana kama we mwenyewe huna fujo. Siti iko sentimita 70 hivi toka chini kwa hiyo sisi wafupi tunakanyaga kwa miguu yote miwili, klachi laini, gia zinaingia bila ugomvi, kona inakata vizuri kuliko umbo lake linavyokudanganya. Haina cheni, ina mkanda, maana yake suruali haichafuki na hakuna habari ya kupaka oili kila Jumamosi. Na vali hazipimwi wala kurekebishwa, ni za haidroliki. Mi niliyekuwa namkalia fundi chini ya mwembe nusu siku akipima vali kwa kipande cha wembe, hapo tu nilitaka kupiga makofi.

Kasoro zipo. Shokapu za nyuma zina safari fupi, na barabara za huku baridi ikishapita zinabaki viraka mwanzo mwisho, kila kiraka unakihesabu kwa uti wa mgongo. Na tenki la mafuta lita 11.7 tu. Hapo kwenye tenki ndo kuna stori.

Tumefika Two Rivers, ziwa Michigan liko pale kulia linang'aa kama bahari, tukaingia sheli. Mzee kaweka mafuta yake kamaliza. Mimi nimesimama na bomba mkononi, nazunguka pikipiki, natafuta mfuniko. Juu ya tenki hakuna mfuniko. Pembeni hakuna. Nikainama nikachungulia chini kama mtu aliyeangusha shilingi. Mzee anacheka mpaka kashika tumbo, hasemi kitu, ananiangalia tu. Kumbe lile tenki la mbele siyo tenki bana! Ni kava. Ndani yake kuna boksi la hewa ya injini, mafuta yenyewe yanakaa chini ya makalio yako, unainua siti kama unafunua chungu ndo unakuta mfuniko wa mafuta. Kihandisi wamefanya akili, uzito wa mafuta uko chini, ndo maana kona inakata vile. Lakini kama hakuna mafuta pale mbele, umbo la tenki la nini? La babu. Mtu wa Harley akikuta pale mbele hakuna kitu kilichokaa kama tone la maji na jina ubavuni atasema hii siyo Harley. Kwa hiyo wameunda pikipiki mpya kabisa alafu wakaivika koti la babu ili babu asinune. Na babu mwenyewe hainunui.

Najua hainunui maana babu nilikuwa naye palepale. Jirani yangu ana miaka 71, alikuwa mchomeleaji, kastaafu. Heritage Classic yake ni ya 2018, cc 1,745, kilo 330, mikoba ya pembeni, kioo cha upepo, na kila Jumapili anaifuta kwa kitambaa cha fulana ya zamani mpaka unaona mawingu kwenye kromu. Nilimuuliza anaionaje Nightster, akaizunguka, akaisikiliza, akasema ni pikipiki nzuri sana ila siyo Harley. Nikamwambia mzee mbona jina limeandikwa hapa. Akanyoosha mkono akagonga lile tenki la uongo kwa kucha, ko ko ko, kava tupu. Hakuongeza neno.

Na sauti pia. Heritage silinda zake zimekaa nyuzi 45 na pistoni zote mbili zimeshikwa na pini moja ya krenkshafti, kwa hiyo moto hauwaki kwa mapigo yaliyolingana, unapiga, unapumzika, unapiga tena haraka, ndo unapata ule mlio wa kuchechemea ambao Wamarekani wanasema unataja viazi, potato-potato-potato. Mi masikio yangu yanasikia mashine ya kusaga ya kijijini ikiwa imekolea mahindi. Kampuni iliwahi kuomba mlio huo usajiliwe kama alama yao ya biashara, mwaka 1994, wakahangaika nao mpaka 2000 wakaachana nao. Fikiria mtu anaenda kusajili mlio! Nightster silinda zake ziko nyuzi 60 na inalia kwa mapigo mengine kabisa, kama cherehani yenye hasira. Mi naipenda. Wazee hapana.

Na siyo mara ya kwanza hii. 2001 walitoa V-Rod, injini walisaidiwa na Porsche, ya maji, inakimbia balaa, wazee wakasema maneno hayohayo, ikajikongoja mpaka 2017 wakaizika. 2019 wakaleta LiveWire ya umeme, bei dola 29,799. Sasa nauliza, hiyo walitaka anunue nani? Kijana anayeipenda hana hela, mzee mwenye hela haitaki maana haina mlio wa viazi. Wakaigawa ikawa kampuni yake ya pembeni. Alafu Sportster ya injini inayopozwa na upepo, ile iliyozaliwa 1957, pikipiki ambayo vijana wengi wa huku walianzia nayo maisha ya Harley kwa kununua mkononi kwa mtu, 2022 ndo ukawa mwaka wake wa mwisho. Nightster ndo imekalia kiti chake.

Hesabu zao mnaweza kuzitafuta wenyewe ila niwape mbili. 2006 walisafirisha toka viwandani pikipiki karibu 350,000 dunia nzima. 2024 zilizouzwa madukani ni kama 151,000. Siyo nusu hata. Na chama cha watengenezaji pikipiki wa Marekani wenyewe walipima umri wa kati wa mwenye pikipiki huku, siyo wa Harley tu, 1990 ulikuwa miaka 32, 2018 ukawa 50. Mi nikiangalia hizo namba mbili naona kama wengi ni watu walewale, wamekaa tu kwenye siti miaka 28 wanazeeka nayo, nyuma yao hakuna foleni.

Ukitaka kuwaona kwa macho nenda makumbusho yao, iko hapahapa Milwaukee, ilifunguliwa 2008. Tuliporudi Jumapili mzee akanipitisha. Kuna ya kwanza kabisa wanayoita Serial Number One imewekewa kioo. Kuna Harley moja aina ya Night Train imeoza kwa kutu, ilisombwa na tsunami ya Japani 2011, ikaelea baharini ndani ya kontena, ikaokotwa Kanada mwaka uliofuata, mwenyewe akasema isitengenezwe ibaki hivyo kwa kumbukumbu ya waliokufa. Pale nilisimama muda mrefu, sikutegemea. Spoku zimekuwa kama mizizi. Alafu kuna chumba wanaruhusu watu wapande pikipiki wapige picha, nikakaa pale kwenye benchi nikawa nahesabu. Babu anampandisha mjukuu, mjukuu anashika usukani, picha, anashushwa, anaomba simu. Anakuja babu mwingine na mjukuu mwingine. Baba zao sijui walikuwa wapi.

Mzee akanikumbusha kwamba hii kampuni ilishawahi kufa kidogo. Ilikuwa mikononi mwa kampuni nyingine, AMF, toka 1969, pikipiki zikawa hovyo, mafuta ya injini yanavuja mpaka ikawa utani nchi nzima, 1981 mameneja 13 akiwemo Willie G. Davidson, wa ukoo wenyewe, wakakopa wakainunua. Wajapani walikuwa wanawamaliza kwa bei na kwa ubora. 1983 Rais Reagan akapandisha ushuru wa pikipiki kubwa toka nje, zile za zaidi ya cc 700, ukafika asilimia 49.4, ukipungua kidogokidogo kwa miaka mitano, na Harley wakajirekebisha kweli mpaka 1987 wakaenda wenyewe kusema ushuru uondoeni tumeshapona. Mzee anasimulia hii kama ameshinda yeye vita. Nikamwambia sawa mzee, lakini kipindi kile adui alikuwa anashukia bandarini, unampiga ushuru. Uzee unaupiga ushuru bandari gani? Akacheka, akasema magoti yake yanamuuliza hivyohivyo kila asubuhi.

Sasa niseme kitu ambacho nakiona mimi kama mtu wa kwetu. Kule pikipiki ni kazi. Hela ikikaza ndo unazidi kuendesha, maana ndo inaleta ugali. Huku ni burudani, na ya miezi sita tu, Novemba mpaka Aprili imefunikwa turubai gereji imechomekwa chaja ya betri kama mgonjwa na dripu. Riba ya mkopo ikipanda kitu cha kwanza kukatwa ni hicho. Kwa hiyo watu wakisema vijana hawapendi pikipiki mi sikubaliani. Palepale sheli ya Two Rivers alikuwepo dogo na Honda Rebel 500, umri kama 22, kainunua mpya kwa kama dola 6,500. Aliishangaa Nightster mpaka akaomba aikalie. Nikamuuliza mbona hukuchukua hii, akasema hiyo ya baba zetu. Si kwa ubaya, alisema kama mtu anayesema hiyo ni sare ya shule nyingine.

Na waliolielewa hilo wapo. Royal Enfield ni ya zamani kuliko Harley, pikipiki yao ya kwanza 1901 kule Uingereza, leo ni ya Wahindi, na mwaka wao wa fedha 2024/25 walivuka pikipiki milioni moja, nyingi cc 350, za sura ya kizamani, bei ya kijana, na hazijifichi. Triumph ya Uingereza nao walikubali kushuka, wakaenda kwa Bajaj, ndio, Bajaj hawahawa wa Boxer, toka 2023 wanawaundia za cc 400 India. Mnaona mambo yalivyogeuka? Aliyetuundia bodaboda sasa ndo anashika mkono wa Waingereza, na 2025 kaingiza hela kuiokoa KTM ya Austria isizame. Harley nao India walijaribu, wakaweka kiwanda Bawal, wakauza Street 750, haikwenda, 2020 wakafunga. 2023 wakarudi kwa mlango wa nyuma na Hero, kampuni ya pikipiki ya India, wakatoa X440, silinda moja, tenki lake ni tenki kweli lina mafuta ndani hahaha. Nimeiona kwenye video, imekaa poa sana. Ila hapa Milwaukee, mji wa Harley, huwezi kuinunua.

Bei. Nightster ilipotoka 2022 ilianzia dola 13,499, baadaye wakaona mambo magumu wakashusha mpaka 9,999. Kwa 9,999 nasema bila kigugumizi, ni dili. Tatizo ni kuifikia hiyo 9,999. Nilienda duka moja nje ya mji, jina naliacha, maduka haya ni ya watu binafsi siyo ya kampuni, nikakaa dakika ishirini nikizungukazunguka, muuzaji anaongea na mzee mmoja habari za eksozi, hata salamu. Mwishowe akaja kijana mwingine akaniuliza natafuta fulana saizi gani. Nikamwambia fulana ninayo toka darasa la sita, leo nataka pikipiki. Karatasi ya bei ilivyorudi, kuna usafirishaji, kuna kuiandaa, kuna ada ya makaratasi, jumla imevuka 12,000. Nikaikunja nikaiweka mfukoni.

Kwa hiyo kama we ni mtu wa Boxer na umefika huku, unataka chuma chako cha kwanza kikubwa, Nightster endesha bila wasiwasi, ila kakodi kwanza, na tafuta iliyotumika kidogo kwa mtu, zipo nyingi zenye maili chache maana wenyewe wanazipandia siku tano kwa mwaka. Abiria usimpange, ya kukodi niliyopewa ilikuwa na siti moja tu. Safari ndefu panga sheli mapema. Na ukifika sheli inua siti, usizunguke kama mimi.

Kama kampuni itaishi? Itaishi, ila ndogo. Hela yao iko kwenye zile kubwa za safari, Street Glide mpya ya 2024 ilitoka kwa dola 25,999, kilo 368, na mpango wao wa 2021 walisema wazi nguvu wanaweka kwenye hizo za safari, kruza kubwa na za magurudumu matatu. Maana yake waliamua kumkamua ng'ombe mzee mpaka tone la mwisho, na kibiashara siwalaumu, ana maziwa huyo. Toka Oktoba 2025 wana bosi mpya, Artie Starrs, katokea Topgolf, kampuni ya watu kupiga mipira ya gofu huku wanakula kuku. Wazee wamecheka. Mi sikucheka, angalau ni mtu aliyewahi kuwauzia vijana kitu ambacho kilikuwa cha wazee. Na kabla hajaingia walishatangaza pikipiki ndogo, Sprint, ya kama dola 6,000. Ikija kweli, na ikija bila tenki la uongo la kumdanganya babu, mi nitakuwa mlangoni.

Mzee naye kaamua. Magoti yamekataa, zile kilo 330 siku tuliyorudi zilimlemea hapohapo mbele ya gereji, tukaikamata wawili ikiwa imeshaanza kulala, hatukuambizana kitu. Anachukua Tri Glide, ile ya magurudumu matatu, waliianzisha kwa modeli ya 2009 kwa ajili ya magoti kama yake. Mwanawe hataki Heritage, kasema hana pa kuiweka. Ina karatasi kwenye kioo cha upepo toka Septemba. Ilianza 12,500, ikakatwa kwa kalamu ikawa 10,900. Jana nimepita nikitoka kazini, hiyo nayo imekatwa, chini kaandika 9,900, na amenipungia mkono kwa namna ambayo najua kabisa anataka nini.